Fundi kala laki tisa yangu, injini ya 109 inavuja kuliko pakacha

Wakuu, nina hasira, kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie.

Gari ni Land Rover 109 Series III ya mwaka 1978, petroli, ile injini ya lita mbili na robo yenye beringi kuu tatu. Ya marehemu mzee. Ilikaa chini ya mwembe hapa Morogoro mpaka kuku wakataga kwenye siti ya nyuma. Mwezi wa saba 2024 nikasema basi, naifufua. Injini ikashushwa, krenki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) ikachongwa, silinda zikachongwa, pistoni na ringi mpya, hedi ikasagwa. Kwa watu wa mashine sina neno: injini inashika mara moja, presha ya oili iko pale inapotakiwa. Ugomvi wangu ni na huyu aliyeifunga.

Aliahidi wiki tatu. Oktoba watu wamejazana Arusha kwenye tamasha na Land Rover zao, mimi ya kwangu iko juu ya magogo, injini iko sakafuni imefunikwa gunia. Nikakabidhiwa Desemba. Laki tisa ya ufundi, spea nilinunua mwenyewe. Halafu nikaona injini imepigwa rangi ya bluu inang'aa kama mtungi wa gesi. Sikuomba rangi. Akasema, "Bosi, hiyo nimekuongezea tu upendeze." Kumbukeni hiyo rangi.

Usiku wa kwanza nilitandika boksi la friji chini ya gari. Asubuhi kuna doa la ukubwa wa sahani. Nampigia, anacheka: "Bosi, Land Rover ikiacha kuvuja ujue oili imeisha." Huo utani nimeukuta duniani. Mzee mwenyewe alikuwa anautoa kila mgeni akija nyumbani. Ila mzee aliongeza oili mara moja moja. Mimi kila nikienda Dodoma na kurudi namwaga lita nzima, kwenye injini ambayo sampu yake, lile bakuli la oili la chini, inakula lita sita. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Mchukuzi ni mimi, na nafuu yenyewe sijaiona.

Nikairudisha. Akachukua tyubu ya silikoni akapaka kwa nje, kuzunguka sampu, juu ya oili ileile inayotiririka! Jamani, hata mtoto anayeziba tairi ya baiskeli anasugua kwanza kabla ya kupaka gundi. Silikoni haishiki penye mafuta. Ilibanduka yote kama ngozi ya maziwa.

Mara ya tatu alikaa na gari siku mbili. Likarudi kavu. Kavu kabisa, boksi halina hata tone. Nikamshukuru, nikamwachia na hela ya soda. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wiki mbili baadaye tunapanda Lushoto msibani. Mombo tumeondoka vizuri, zile kona kabla ya Soni gari likaanza kulalamika. Nakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari haliendi. Harufu ya klachi ikajaa ndani, shangazi nyuma kashika rozari. Tukavutwa hadi Mombo.

Wenye Land Rover wanajua, chini ya nyumba ya klachi kuna tundu. Limewekwa makusudi libaki wazi, ili oili ikipenya kwenye sili ya nyuma ya krenki (kizuizi cha oili), au kwenye giaboksi, idondoke nje uione. Linazibwa kwa plagi yake ukitaka kuvuka mto tu, ukishavuka unaitoa. Yule bwana alikuwa ameliziba! Kafunga bolti, kazungushia utepe mweupe wa mabomba ya maji. Fundi wa Mombo alipoifungua ilishuka oili karibu nusu kopo, nyeusi, imechanganyika na unga wa klachi. Uvujaji haukuzibwa popote, ulifungiwa ndani. Plati ya klachi imelowa chapachapa. Ningekuwa nashuka badala ya kupanda, natafuta giya inishike na klachi inateleza namna ile, sijui leo nani angekuwa anaandika hapa.

Basi safari hii nikamwomba jirani, mzee mmoja mstaafu aliyezitengeneza gari hizi enzi zake, tushirikiane. Kitu cha kwanza alichonikataza ni kugusa spana. Tuliosha injini kwa dizeli na brashi, tukasuuza na maji ya sabuni, tukaiacha ikauke. Kisha akanituma dukani nikalete poda ya mtoto. Tukainyunyiza injini nzima ikawa nyeupe, nikaendesha dakika kumi, tukarudi kuangalia na tochi. Kila njia ya oili imejichora kwenye poda kama mfereji. Unaanza kusoma kutoka juu, kwa sababu oili inashuka na upepo wa feni unaisukuma nyuma, ukianzia chini utailaumu gasketi ya sampu bure. Miezi yote hiyo, na kilichokosekana ni kopo la poda!

Juu: tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini, gasketi yake ya koki (ile ya gome kama kizibo cha chupa) imekazwa mpaka imepasuka. Pembeni: kopo la chujio la oili linachuruzika, tukafungua, ndani ya mfereji wake kuna raba mbili. Ya zamani haikutolewa, mpya imewekwa juu yake. Ile inatolewa kwa sindano tu, kazi ya dakika moja.

Pumzi ya injini, tundu lake la kutolea hewa, ile yenye wavu, haikuoshwa kabisa, tope la miaka yote, na juu yake kapiga ile rangi ya bluu ikaziba kilichobaki. Sasa injini mpya ringi bado hazijakaa vizuri, hewa inapita kando ya pistoni, itokee wapi? Inasukuma oili kila penye upenyo. Unaweza kubadilisha sili zote za dunia, pumzi ikiziba zitavuja tu.

Tukashusha giaboksi, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), sampu. Kofia ya beringi kuu ya nyuma ina raba mbili ndefu za umbo la T, moja kila upande. Zinatakiwa zibaki zimechomoza kidogo, chini ya milimita moja, ili sampu ikikazwa zibanane. Yeye alizikata kwa wembe sawasawa na chuma, akajaza silikoni. Sili ya krenki yenyewe haikuwa na tatizo.

Na silikoni wakuu... Sampu imejaa vinyuzi kama tambi za kukaanga. Mzee akang'oa chujio la pampu ya oili akanionyesha bila kusema neno. Karibu nusu ya wavu imezibwa. Ile taa ya oili iliyokuwa inakonyeza kila nikisimama kwenye foleni, yule bwana aliniambia ni waya.

Nimenunua seti ya gasketi upya, raba za T, plati ya klachi, oili, na nimempa mzee chochote ingawa alikataa. Bolti ya lile tundu nimeitundika ukutani. Boksi liko chini ya gari, wiki ya pili leo, lina matone manne, yote ya giaboksi. Hayo nayakubali.

Jana saa tatu usiku meseji inaingia. Ni yeye. "Bosi salama? Nakukumbusha ile elfu arobaini ya rangi."