Naomba ushauri: nitajuaje almasi hii ndiyo iliyoandikwa kwenye cheti?

Wakuu, habari. Niko Mbeya mjini. Nimenunua pete ya almasi kwa mtu binafsi, ikaja na cheti cha GIA (taasisi ya Marekani ya kupima vito): duara, karati 1.01, kipenyo milimita 6.43 hadi 6.47. Namba ya cheti nimeiingiza kwenye tovuti yao, taarifa ni zilezile. Sawa, cheti ni halali. Lakini cheti halali unaweza kukibandika kwenye jiwe lingine kabisa, na hapo ndipo usingizi unapopaa.

Cheti kinasema namba imechongwa kwa leza ubavuni mwa jiwe. Sonara mmoja wa Mwanjelwa kakodolea lenzi yake weee, akasema kucha za pete zimefunika, anaona tarakimu mbili tu. Akagusisha kile kidude cha kupima jinsi jiwe linavyopitisha joto, kikalia. "Almasi hiyo, kaka." Ila moisanaiti, jiwe linalofanana na almasi, nayo hukiliza, na almasi ya maabara ndiyo kabisa, maana nayo ni almasi.

Nafikiria jiwe litolewe, lipimwe uzito (karati 1.01 ni gramu 0.202) na kipenyo, kisha dosari zake zilinganishwe na mchoro wa cheti kwa darubini. Huku nyanda za juu, kuanzia Chunya hadi Iringa, mizani ya dhahabu imejaa. Fundi wa kutoa almasi bila kuimega je? Au nipande basi hadi Kituo cha Jemolojia (elimu ya vito) Arusha? Wanapokea mtu mwenye jiwe moja?

Muuzaji amekubali kurudisha hela kabla ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo wenye uzoefu msichelewe.