Nimepata chuo theolojia na falsafa kwa pamoja, mzee hataki kusikia neno falsafa, naombeni ushauri

Ngano_na_Magugu
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za muda huu.

Nimepata nafasi chuo, digrii moja ila masomo mawili, theolojia nusu na falsafa nusu, miaka mitatu. Niliomba mwenyewe wala sikusukumwa na mtu. Mi tangu sekondari nikisoma Biblia nabaki na maswali, nikiuliza naambiwa omba, naomba kweli ila swali nalikuta palepale nilipoliacha. Mfano Ayubu. Mwisho wa kitabu anarudishiwa mali mara mbili na anapata watoto wengine kumi, saba wa kiume na watatu wa kike kama mwanzo. Sawa, na wale kumi walioangukiwa na nyumba? Mtoto anafidiwa kama ng'ombe? Hilo swali lilinikosesha usingizi nikiwa na miaka 16 na mpaka leo halijaniachia.

Sasa mzee wangu ni mchungaji. Kwenye theolojia alifurahi hadi akawapigia ndugu simu, alipoliona neno la pili kwenye barua akanyamaza. Baadaye akanifungulia Wakolosai 2:8, pale Paulo anapoonya watu wasifanywe mateka kwa falsafa ya madanganyo, akasema mwanangu hiki ndicho tunachoenda kukilipia ada. Hajanikataza, ila tangu siku hiyo tunasalimiana tu basi, na mzee wangu si mtu wa kununa. Bora angenigombeza.

Naomba kujua, kweli falsafa inamtoa mtu kwenye imani? Na mzigo wa masomo mawili kwa mpigo ukoje? Na kazi je, nikimaliza naenda wapi? Nina wiki mbili za kuthibitisha nafasi. Nawasilisha.

Kibatari
Marahaba mdogo wangu. Kozi hiyo nimeisoma mwanzo mwisho kwahiyo nakwambia nilichokiona.

Mzigo kwanza. Kinachochosha siyo wingi wa kurasa, ni kubadilisha gia. Asubuhi uko semina ya Agano Jipya mnabishana kwanini nakala za zamani kabisa za Marko zinaishia 16:8, wanawake wamekimbia kaburini wanaogopa, basi, imeisha, na hapo unatakiwa ujue historia, lugha, nani alimwandikia nani. Mchana uko kwenye mantiki, unapewa hoja ya mistari mitatu uoneshe kama hitimisho linatoka kwenye madai au limedandia tu, hapo haijalishi nani kasema. Ukiingia mchana na kichwa cha asubuhi umeumia. Insha yangu ya kwanza ya falsafa niliandika "Biblia inasema" kwenye aya ya pili, ikarudi na kalamu nyekundu pembeni, maneno mawili: "Unamthibitishia nani?" Nilikasirika, nikaona huyu mwalimu anaipiga vita imani, nikamfuata ofisini. Kumbe mwenyewe ni mtu wa ibada. Akaniambia msomaji wako kama anaikubali Biblia hakuhitaji insha yako, na kama haikubali bado hujampa kitu. Nilikaa na hayo maneno wiki nzima.

Alafu nikafanya kosa la upande wa pili, nikaandika insha ya Utatu kama vile ni fumbo la hesabu, kurasa nane hakuna mstari wa Maandiko wala mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wowote. Mwalimu wa theolojia akaniuliza hawa waliokutana Nikea mwaka 325 walikuwa wanagombania nini, umewasikiliza? Mwaka wangu wa kwanza ulikuwa huo, kupigwa huku na kupigwa kule, ila hakuna mwaka niliojifunza kama ule.

Imani sasa. Sitakudanganya. Darasani kwetu wapo waliotoka hawasali tena, yupo aliyeingia hana dini akabatizwa mwaka wa tatu, wengi tulitoka na imani ileile ila inaongea kwa sauti nyingine. Mi mwenyewe muhula wa pili nilishindwa kusali kama miezi miwili, nikipiga magoti nasikia kama kuna mtu ananikagua kila sentensi. Kilichonishika siyo hoja. Tulikuwa watu watatu tunakutana Ijumaa jioni tunasoma Zaburi kwa sauti bila kuchambua chochote, tunaisoma tunaondoka. Ukienda tafuta kitu cha hivyo wiki ya kwanza, usisubiri mpaka uyumbe.

Mlinzi wa Zamu
Naomba nisieleweke vibaya lakini binti usiende. Tertuliani, mwandishi Mkristo wa zamani zile, aliuliza Athene na Yerusalemu, yaani falsafa na imani, vina uhusiano gani na swali lake bado lipo. Mimi nimempoteza rafiki, yuko hai ila nimempoteza, alikuwa anatufundisha shule ya Jumapili, akaenda kusoma hayo mambo akarudi kila tukisali anatuangalia kwa huruma. Kama wito wako ni kanisa theolojia peke yake inakutosha. Mzee hajakosea.

Kisima
Mlinzi pole sana kwa rafiki yako, yanatokea hayo na sitakubishia. Ila tukimleta Paulo tumlete mzima. Huyohuyo wa Wakolosai, kwenye Matendo 17 yuko Athene anajadiliana na Waepikureo na Wastoiko, makundi mawili ya wanafalsafa, na pale barazani Areopago hakuwafungulia Torati, aliwanukulia watunga mashairi wao wenyewe. Aliwajulia wapi? Neno falsafa kwenye Kigiriki cha Agano Jipya limetokea mara moja tu, hapohapo 2:8, na onyo lenyewe ni la kutekwa. Sasa mtu ambaye hajawahi kufundishwa kupima hoja ndiye anayetekwa na ya kwanza atakayokutana nayo njiani.

Mi nilikuwa seminari, upadre sikuufikia lakini falsafa niliimaliza na theolojia niliianza. Kwa Wakatoliki sheria ya Kanisa inataka angalau miaka sita kamili, miwili ya falsafa na minne ya theolojia. Kwanini nilikuja kuelewa nilipofungua Summa, kitabu kikuu cha theolojia cha Thoma wa Akwino. Anauliza, je Mungu yupo? Alafu hajibu. Anaanza kwa kukuwekea hoja za anayesema hayupo, na hajazilegeza hata kidogo: kama kungekuwa na wema usio na mwisho uovu usingekuwepo, na uovu upo. Ya pili, mambo ya ulimwengu yanaelezeka bila kumhitaji Mungu. Ndipo inakuja "lakini kinyume chake", ndipo jibu lake, ndipo anayarudia yale mapingamizi moja moja. Mtawa wa karne ya 13 ameliandika pingamizi langu vizuri kuliko nilivyokuwa nalo mimi mwenyewe kifuani! Siku hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje nikatembea tu.

Na hofu ya mzee wako binti usiidharau, ina umri mkubwa. Mwaka 1277, miaka mitatu tu tangu Thoma afe, askofu wa Paris alipiga marufuku hoja 219 zilizokuwa zinafundishwa kule chuoni na baadhi ziligusa mafundisho ya Thoma mwenyewe. Mwaka 1323 Kanisa hilohilo likamtangaza mtakatifu. Waliokuwa wanaogopa hawakuwa wajinga, walikuwa wanalinda kitu wanachokipenda kama mzee anavyokulinda wewe.

Ibn_Sabili
Asalaam aleikum wadau. Mi Muislamu, nilisoma usuluddin (misingi ya dini) na falsafa, na ugomvi huu kwetu tunao vilevile. Imam Ghazali, mwanazuoni wetu wa zamani, kabla ya kuwapinga wanafalsafa alikaa chini akaandika kitabu kizima kueleza wanachosema wao, kisha ndo akaandika cha kuwapinga, masuala 20, na kati ya hayo ni matatu tu aliyoyaona yanamtoa mtu kwenye Uislamu. Mantiki hakuitupa, aliitetea. Akaja Ibn Rushd, huyu alikuwa kadhi, mtu wa sheria kabisa, akamjibu hoja kwa hoja. Na huyo Thoma wa ndugu yetu Kisima akimtaja Ibn Rushd anamwita "Mfafanuzi", kwa sababu ya alivyomfafanua Aristotle. Yani Mgiriki kafafanuliwa na kadhi Muislamu, kasomwa na mtawa Mkristo. Kwahiyo dada yangu ukikuta chuo chenu falsafa inaruka kutoka Wagiriki mpaka Ulaya kama vile katikati watu walilala, uliza.

Swali litakalokufuata kozi nzima ni hili, Mungu anaamrisha jambo kwa kuwa ni jema, au limekuwa jema kwa kuwa kaliamrisha? Sokrate anamuuliza Euthyphro kwenye kitabu cha Plato, na kwetu Muutazila na Ashaira, makundi mawili ya wanatheolojia wa Kiislamu, wameligombania karne kwa karne. Kaa nalo taratibu.

Jembe_Jipya
Kazi niongelee mimi. Nilimaliza nikakaa mwaka na zaidi bila ajira ya maana na maneno ya ndugu niliyasikia yote. Sasa ni mhariri, na kazi nafanya kwa kilekile nilichofundishwa, kusoma maandishi ya mtu na kuona sentensi ya nne haitokani na ya tatu. Ila hakuna tangazo la kazi lililoandikwa "tunatafuta mwanafalsafa". Ongeza kitu pembeni mapema, mwenzangu aliongeza ualimu akapata kazi haraka kuliko mimi, mwingine akaenda kusoma sheria, mwingine ni kasisi wa hospitali na huyo anasema kila siku kitandani kwa mgonjwa anakutana na swali lako la Ayubu.

Chaki Nyeupe
Ninafundisha chuo, si chenu. Binti, kabla hujathibitisha piga simu idarani, na usikubali kujibiwa "angalia tovuti". Jua kwanza theolojia yao ni ya namna gani, maana kuna mahali inafundishwa ndani ya imani ya kanisa fulani na kuna mahali dini inasomwa kama unavyosoma historia, zote halali lakini si kitu kimoja na mwanafunzi anayetegemea hii akaikuta ile huumia sana. Pili uliza nusu hizo mbili zinakutana wapi. Kuna falsafa ya dini inayofundishwa na mtu anayezijua pande zote? Tasnifu ya mwisho unaweza kusimama katikati na kusimamiwa na idara zote mbili? Nimeona kozi za namna hii ambazo idara mbili hazisalimiani, ratiba zinagongana, na kazi ya kuunganisha anaachiwa mtoto wa miaka 19. Uliza lugha pia, Kigiriki au Kiebrania, ni lazima au hiari na ni kwa muda gani. Na kama una nia ya uchungaji waulize kanisa lenu, si chuo, kama digrii hiyo wanaihesabu au watakurudisha tena chuo cha theolojia, maana hilo wengi hulijua wakiwa wameshavaa joho.

Kwa baba yako nikupe kisa kimoja. Anselm, mtawa wa karne ya 11, aliandika hoja kwamba Mungu ni yule ambaye hawezi kufikiriwa mkuu kuliko yeye, kwahiyo lazima awepo kweli, asiwe wa kufikirika tu. Mtawa mwenzake Gaunilo akaipinga: kwa njia hiyohiyo naweza kuthibitisha kuna kisiwa kikamilifu kuliko vyote huko baharini. Anselm akamjibu, kisha akataka kitabu chake kinaponakiliwa pingamizi la Gaunilo liwekwe humohumo pamoja na jibu. Wote wawili walikuwa watu wa sala. Mimi huanza na kisa hicho kila mwaka wa masomo.

Kibatari
Nimerudi nimekumbuka kitu. Ngano, umesema Ayubu. Soma 42:7 na mzee. Wale marafiki watatu sura zote zile walikuwa upande wa Mungu, wanamtetea, Ayubu ndiye anauliza na kulalamika. Mwishoni Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake, anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Usimpelekee kama hoja ya kumshinda. Kaa tu usome naye.

Ngano_na_Magugu
Wakubwa asanteni, nimesoma zote zaidi ya mara moja. Mlinzi na wewe asante, ya rafiki yako nimeiweka moyoni na hicho kikundi cha Ijumaa nimeamua nitakitafuta kabla hata ya vitabu.

Idarani nimepiga. Falsafa ya dini ipo mwaka wa pili, tasnifu inaruhusiwa katikati, lugha ni moja ya lazima miaka miwili unachagua.

Jana usiku nimekaa na mzee tukasoma Ayubu kuanzia sura ya 38. Nilimsomea mimi maana miwani yake imevunjika mkono. Kufika 42:7 akaniambia rudia. Nikarudia. Akakaa kimya muda, alafu akaniambia yeye na mama kabla yangu walizika mtoto, ambalo nilikuwa nalijua juujuu tu, na kwamba mahubiri ya Ayubu hajawahi kuyafika mwisho, huwa anaishia sura ya kwanza, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Sikuwa najua. Hajasema nenda na hajasema usiende. Asubuhi ameniomba ile barua ya chuo aisome tena, bado anayo.

Sasa wakati namsubiri, kwenye lugha nichague ipi, Kigiriki au Kiebrania? Kigiriki naona kitanisaidia pande zote mbili maana Plato na Aristotle nao wameandika hukohuko.

Kisima
Kwa kozi yenyewe Kigiriki kinalipa zaidi, hesabu yako iko sawa, ingawa Kigiriki cha Plato na cha Marko vimetofautiana miaka zaidi ya 400 utaona. Ila kama aliyekuleta ni Ayubu chukua Kiebrania. Kigiriki unaweza kukiongeza baadaye.

Chaki Nyeupe
Naungana na Kisima. Lakini usianze na Ayubu mwenyewe, Kiebrania chake ni kigumu mno, kina maneno mengi yaliyotokea mara moja tu katika Biblia nzima na wataalamu bado wanabishana maana yake. Anza na Ruthu, sura nne tu.