Skuli imeniletea fomu ya utafiti juu ya mwanangu: nijaze ukweli au niiache?

MamaWete
Asalaam alaykum wanajamvi. Mimi niko Wete, mwanangu wa kiume yuko darasa la nne. Karudi skuli na fomu mkobani: kuna watu wa chuo kikuu wanafanya utafiti wa afya ya akili na makuzi ya watoto. Mzazi atie saini na ajaze maswali, na mwalimu wa darasa naye ajaze ya kwake. Maswali yenyewe 25, kila moja unachagua "si kweli", "kweli kiasi" au "kweli kabisa", kwa miezi sita iliyopita.

Nilikuwa najaza mbiombio huku napika, mpaka nikafika panapouliza kama mtoto hulalamika mara kwa mara kuumwa kichwa, tumbo au kichefuchefu. Hapo nikaiweka kalamu. Huyu wangu, tangu baba'ke ahamie Unguja kikazi, kila asubuhi ya skuli tumbo linamuuma. Jumamosi mzima, yuko juu ya miembe. Kituo cha afya wamempima malaria na minyoo, hana kitu. Na usiku kaanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani.

Bibi yake anasema nisithubutu kuandika, jina la mtoto likishaingia kwenye makaratasi ya akili ataitwa chizi mpaka siku ya harusi yake. Baba'ke kwenye simu anasema tia saini tu, hayo mambo ya Wizara. Mimi ninaloliogopa ni jengine: fomu inarudi kwa mwalimu yule yule, na mwalimu yule bakora haimtoki mkononi. Akisoma nilichoandika itakuwaje? Nipeni ushauri, kejeli sitaki.

Mpemba_Halisi
Usitie. Pemba tushachunguzwa vya kutosha. Toka tuko wadogo tunatobolewa vidole, tunapeleka choo kwenye vikopo, wao wanaondoka na madaftari, sisi tunabaki na fulana.

Karani_wa_Utafiti
Yakhe, fulana nakukubalia, lakini mengine si haki. Utafiti wa watoto wadogo hapa hapa Pemba, uliochapishwa 2001, ndio ulioonesha kuwa madini ya chuma yalisaidia ukuaji wa lugha, na kwa wale waliopungukiwa sana na damu yalisaidia pia uwezo wa kutembea na kutumia viungo vya mwili. Kwa hiyo vile vidole havikutobolewa bure.

Dada MamaWete, nimewahi kukusanya data skuli kwa skuli. Kwa unavyoieleza, hiyo ni fomu iitwayo SDQ. Aliitunga Robert Goodman, daktari wa akili za watoto wa Uingereza, na ilichapishwa 1997. Maswali yamegawanywa mafungu matano, kila fungu maswali matano: hisia, tabia, kutotulia, namna anavyoishi na wenzake, na wema wake kwa watu. Mafungu manne ya mwanzo hujumlishwa, hesabu inatoka 0 mpaka 40. Hakuna hesabu hapo inayotoa jina la ugonjwa. Ikiwa kubwa, maana yake mtoto huyu aangaliwe kwa karibu, basi.

La mwalimu kusoma umeuliza vizuri, na hapo wala usione haya. Fomu ya mzazi inatakiwa iwe na namba badala ya jina, irudi kwenye bahasha iliyofungwa, na mwalimu asiwe msomaji wake. Uliza pia kama wana kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa afya Zanzibar, na karatasi ya maelezo yenye simu ya mtafiti mkuu ibaki kwako. Ukitaka kutoka katikati unatoka, hakuna wa kukudai sababu. Na mtoto naye aulizwe. Akisema sitaki, saini yako peke yake haitoshi.

Ila usiijaze uongo. Afadhali uirudishe tupu.

Chudi_wa_Kojani
Fomu inakuja na chai au kavu kavu?

Mwl_Mkoani
Mimi ni mwalimu, si wa huko kwenu. Naomba tusitiwe wote kwenye kapu moja. Lakini nitasema kitu ambacho wenzangu hawatakipenda. Darasa langu lina watoto zaidi ya hamsini. Anayepiga wenzake namjua, anayetoroka namjua. Anayekaa kimya nyuma na tumbo lake, Wallahi simuoni. Nikipewa fomu ya mwanao nitaandika hana tatizo, na nitakuwa nimeandika kwa moyo safi kabisa. Kwa hiyo bibi yake akikwambia "mbona mwalimu hajasema kitu", hiyo isikubabaishe.

Karani_wa_Utafiti
Mwalimu kanifungulia mlango. Achenbach na wenzake walikusanya tafiti 119 na kuchapisha matokeo 1987. Wazazi wawili wa mtoto mmoja hukubaliana kwa kiasi kizuri juu yake, lakini mzazi na mwalimu hukubaliana kidogo tu. Si kwamba mmoja mwongo. Mtoto wa nyumbani na mtoto wa darasani wanaweza kuwa watu wawili, ndiyo maana watafiti wanataka karatasi zote mbili. Ukiiacha yako, kitakachobaki ni cha mwalimu peke yake.

Shangazi_Konde
Mwanangu MamaWete, mimi sijui hesabu za fomu. Najua hili. Meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011, katika ukoo wetu alibaki mtoto wa miaka saba bila mama. Tulimlisha, tukamvisha, tukamsomea dua, na yote hayo ni mema. Hakuna hata mmoja wetu aliyemkalisha chini akamuuliza usiku unaota nini. Tukiambiwa hataki kwenda chuoni kusoma Kurani tunasema mvivu. Tumbo lilimuuma miaka. Keshakuwa mtu mzima sasa, na siku moja kanambia mwenyewe, "Shangazi, nilikuwa nangoja mtu aniulize."

Watafiti watachukua majibu yenu watakwenda kuyajumlisha, na huo ni muda mrefu. Hawakuja kumtibu mwanao. Fomu ijaze, lakini mtoto usimngojeshe fomu.

Nesi_Zamu
Naunga mkono Shangazi. Kukojoa kitandani kukirudi baada ya mtoto kuacha muda mrefu, kwanza apimwe mkojo, kuangalia maambukizi na sukari, kabla hatujasema ni huzuni. Asitahayarishwe mbele ya ndugu zake wala asinyimwe maji mchana kutwa, jioni tu apunguziwe. Hospitali ya wilaya uliza muuguzi wa afya ya akili, na usione vibaya kulitaja hilo jina dirishani. Kama utagundua skuli kuna mtu anamuumiza, piga 116, simu ya mtoto, haina malipo.

Na tumbo lake usimwambie anajisingizia. Hofu huliuma tumbo kweli kweli.

Mpemba_Halisi
Haya, nimerudi nyuma hatua moja. Lakini baba'ke naye aambiwe. Kuhamia Unguja si kuhama dunia, boti zipo. Ampigie mtoto kila siku, azungumze naye yeye, si kumuuliza mama "watoto wazima?" kisha akakata.

MamaWete
Ahsanteni sana, na Shangazi umeniliza.

Jana baada ya magharibi nilimchukua tukae barazani, wadogo zake nikawapeleka kwa jirani. Sikumuuliza kwa nini unaumwa tumbo. Nilimuuliza siku yake ya skuli inakwendaje, toka kengele ya mwanzo. Alipofika kwenye hesabu akanyamaza. Halafu akasema kuna kuitwa ubaoni, ukikosa darasa zima linacheka na bakora juu. Zamani baba'ke alikuwa anamsomesha hesabu usiku. Sasa hakuna, na mimi hesabu zenyewe ziliishia darasa la tano.

Baba'ke nimemwambia, kanyamaza kwenye simu mpaka nikadhani salio limekwisha. Kasema atampigia usiku wafanye hesabu pamoja. Mkojo tunapima Jumatatu. Bibi yake bado kanuna, ila kanipa hirizi na kaniambia hospitali niende. Mtafiti nimempata, kasema bahasha zipo, skuli ndiyo waliosahau kuzigawa. Kwa mwalimu nakwenda na kaka yangu, sitaki niende peke yangu nikaanza kulia.

Mwl_Mkoani
Nenda wakati wa mapumziko, si asubuhi kabla ya mstari, asubuhi sote tuna mbio. Anza na tumbo na hesabu. Usianze na bakora, ukianza nayo atajitetea na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Bakora itaje mwisho, lakini itaje. Akikujibu vibaya, mwalimu mkuu yupo, na muulize kama mna mwalimu wa ushauri nasaha.

Karani_wa_Utafiti
Na bahasha uifunge mwenyewe, umkabidhi mtafiti mkononi. Usimpe mtoto aibebe.

UmmuSalma_Chake
Samahani naingilia uzi wa mtu. Sisi tumeletewa kama hiyo kwenye skuli ya maandalizi, mwanangu ana miaka mitatu. Kuna maswali sioni kama yanamhusu. Ni fomu hiyo hiyo?

Karani_wa_Utafiti
Kuna ya miaka 2 hadi 4 iliyobadilishwa kidogo, na ya miaka 4 hadi 17. Kuanzia miaka 11 mtoto anaweza kujaza ya kwake mwenyewe. Angalia juu ya karatasi wameandika umri gani. Kama wamekupa ya wakubwa, warudishie.