Naombeni ushauri: kung'oa makabati ya sinki mwenyewe

Mtoto wa Goba: Wakuu habari za jioni. Nataka kung'oa makabati ya zamani ya chini ya sinki. Ni MDF, zile mbao za unga uliogandishwa, yamelowa hadi yamevimba kama andazi, ukibonyeza kidole kinaingia. Juu kuna graniti kama mita 2. Nina bisibisi, spana na nyundo. Fundi kataka laki na nusu kung'oa tu. Naanzia wapi? Jumapili iwe tayari.

Nyundo Butu: Laki na nusu? Nipe mimi, nakung'olea na mlango wa mbele.

Mama Kachori: Usithubutu. Baba watoto alianza hivyohivyo, eti Jumamosi moja tu. Tulipikia mkaa barazani mwezi mzima, tena masika. Jirani kila siku "mnakarabati?" huku anachungulia sufuria.

Fundi Bomba Tabata: Funga maji kwanza. Usifunge ya mamlaka ya maji, DAWASA, kwenye mita ukadhani umemaliza. Kama una simtanki juu, maji yatakufuata. Funga koki ya tenki, fungua bomba la sinki mpaka likauke. Weka ndoo chini ya trapu, lile bomba lililopinda chini ya sinki, ndipo ulegeze, kisha ziba mdomo wa bomba la maji machafu kwa kitambaa. Silikoni kata kwa kisu. Graniti hiyo, kama ni nene sentimita 2 na upana wa 60, ni kilo 65 hivi. Ibebeni ikiwa imesimama. Mkiilaza inakatikia kwenye tundu la sinki. Halafu tafuta skrubu za ukutani, ziko ndani, juu kabisa. Nyumba yako au umepanga?

Mtoto wa Goba: Asante fundi. Kubeba tupo wawili.

Fundi Bomba Tabata: Sijajibiwa.

Mzee wa Ilala: Vijana kila kitu video. Kwangu karo la zege na pazia chini, mpaka leo halijavimba.

Mtoto wa Goba: Nyumba ya familia.

Fundi Bomba Tabata: Familia ya nani?

Mtoto wa Goba: Ya shemeji. Yeye na dada wapo Songea msibani, wanarudi Jumapili, mimi naangalia nyumba. Lakini bomba lilianza kuvuja kabla sijaja! Nilichelewa tu kusema. Na fundi wa Keko nimeshampa nusu, makabati mapya analeta Ijumaa. Sasa nirudi nyuma vipi?

Mama Kachori: Mwanangu, mpigie dada yako. Leo.

Binti Mdadisi: Hii chai, katunga. Mwezi jana huyuhuyu alifungua uzi anatafuta chumba cha 70,000 Mbagala. Kabla ya hapo alikuwa na mke na gari. Graniti kaitoa wapi?

Nyundo Butu: Chai ya maziwa, tangawizi kwa mbali.

Mtoto wa Goba: Chumba nilimtafutia rafiki.

Mzee wa Ilala: Na mke naye wa rafiki?

Binti Mdadisi: Weka picha ya jiko tuone.

Mtoto wa Goba: Kamera ya simu imepasuka.

Nyundo Butu: Mhudumu, ongeza kikombe.

Fundi Bomba Tabata: Na mimi nimeandika gazeti zima hapo juu. Haya, nipo site.

Mtoto wa Goba: Fundi usiondoke. Kile kitambaa cha kuziba bomba, kama mtu hakukiweka tangu jana, hawa mende wanaisha wenyewe au napulizia dawa?