Kutafuta sarafu za kukusanya: benki, konda au kibubu cha bibi?

Chenji_Mwanjelwa: Wakuu, nimeona Wamarekani wanachukua sarafu benki zikiwa zimefungwa kwenye karatasi, wanapekua, wanatoa za zamani, zilizobaki wanarudisha. Nataka kuanza hapa Mbeya, nina elfu hamsini ya kuzungusha. Niende benki, kwa makonda, au vijijini?

Mjukuu_wa_Tukuyu: Ugonile mkuu. Wenzetu inawalipa kwa sababu moja: sarafu zao za senti 10 na 25 za 1964 kurudi nyuma zina madini ya fedha asilimia 90, nusu dola za 1965 hadi 1970 asilimia 40, na zote ni hela halali mpaka leo. Zinaweza kutoka dirishani kwa bei ileile iliyoandikwa. Kwetu shilingi ya mkoloni yenye simba, ya 1921 hadi 1946, ina fedha robo tu, na benki huikuti. Benki utawinda miaka iliyoandikwa kwenye sarafu na usafi wake, basi.

Kamwene_Iringa: Benki mimi nimeshaonja. Niliomba elfu thelathini zote hamsini hamsini, zile za kifaru na mtoto wake. Dada wa dirishani akaniuliza, "Unafungua duka?" Kesho yake narudisha, nikaambiwa nihesabu palepale, moja moja, foleni nyuma yangu inaguna. Nilichopata ni mia mbili moja ya 1998, Karume upande huu, simba upande ule, bado inang'aa. Ila nilifurahi kama mtoto, nisidanganye.

Konda_Mstaafu: Mwache konda asubuhi, chenji ndiyo roho yake. Mfuate jioni anapofunga hesabu, mfuko umejaa jero na mia mbili, anatamani noti. Mpe noti, mwachie na ya soda. Mimi naona konda anaishinda benki: hakuulizi za nini. Ila senti kwenye daladala sahau.

Mjukuu_wa_Tukuyu: Na jero zenyewe ni za 2014 kuja huku, bado changa. Za senti ziko kwenye makopo ya wazee.

Kamwene_Iringa: Jambo moja, usioshe! Nilisugua shilingi ya mwenge ya 1966 kwa ndimu na majivu, ikatoka nyekundunyekundu yenye mikwaruzo. Mnunuzi aliitazama akanirudishia bila neno. Ishike ukingoni, weka kwenye kikaratasi, andika umeipata wapi.

Chenji_Mwanjelwa: Mrejesho. Konda: elfu ishirini, nimebakiza sarafu tatu tu. Benki sijaenda, hadithi ya foleni imenitisha. Jumapili nikapanda Rungwe kwa bibi. Akafungua fundo la kanga: senti 5 zenye pembe 12, senti 50 za sungura, na moja nyembamba yenye tundu katikati, EDWARDVS VIII, 1936.

Mjukuu_wa_Tukuyu: Duh! Huyo mfalme wa Uingereza aliachia kiti mwaka huohuo kabla hajavishwa taji. Si ghali sana, zilitengenezwa nyingi, lakini hiyo ningeanzia nayo mimi. Umempa bibi shilingi ngapi?

Chenji_Mwanjelwa: Amekataa. Anasema walikuwa wanazitunga kwenye kamba kwenda nazo sokoni, na hiyo ndiyo iliyobaki. Nimepiga picha, nimepewa ndizi.