Ng'ombe wakishushwa kwenye lori: mapumziko tu, molasi au sindano?

Mfugaji wa Kongwa
Ndugu zangu, usiku wa kuamkia leo nimepokea ng'ombe dume 14 kutoka Shinyanga kupitia Nzega, Singida na Manyoni. Wameshuka wakiyumba, macho yameingia ndani na ubavu wa kushoto umebonyea. Nitawanenepesha kwa miezi mitatu. Ninapima njia tatu: kuwapumzisha kwa nyasi kavu na maji, kuwawekea molasi (maji mazito matamu yanayobaki miwa ikitengenezwa sukari) na chumvi kwenye maji, au kuwachoma vitamini na antibiotiki leo hii, kama anavyosisitiza muuza dawa. Ipi inastahili gharama yake?

Mama Bahi
Kaka, anza na nyasi. Mwaka jana niliwahurumia wangu nikawamwagia pumba za mahindi jioni ileile waliyofika. Kulipokucha wawili walikuwa wamevimba matumbo na mmoja hatukumwokoa. Molasi kidogo niliitumia baadaye, na wale waliokuwa wakinusa maji na kuondoka walikunywa. Nadhani faida yake kubwa ilikuwa hiyo.

Daktari wa mifugo
Ninakubaliana na Mama, ila chumvi isiwekwe kwenye maji ya kwanza, kwa kuwa mnyama aliyekauka anaweza kudhurika nayo. Apate kwanza maji matupu, kisha jiwe la kulamba. Sindano ya antibiotiki haiondoi msongo wa safari. Msongo hushusha kinga, na vimelea wanaoishi puani na kooni bila madhara huteremka mapafuni, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za mwanzo. Kwa hiyo pima joto kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Anayezidi nyuzi 39.5, anayekohoa au aliyeacha kula ndiye wa kutenganishwa na kuchunguzwa. Muhimu zaidi, usiwachanganye na madume yako ya zamani, maana watapigana usiku kucha.

Mnunuzi, mnada wa Msalato
Kwa sisi tunaopeleka machinjioni hesabu ni nyingine. Safari na mapigano humaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli, na nyama hutoka nyeusi, ngumu na kavu, ambayo wateja wa mabucha huikataa wakidhani ni ya mnyama mzee. Wengi hudhani usiku mmoja unatosha kuirekebisha, kumbe kwa ng'ombe sukari hiyo hurudi polepole, kwa siku kadhaa. Mimi huchagua kuchinja mapema wakiwa watulivu, au kusubiri siku hizo nikiwalisha. Kuwachoma antibiotiki hapo ni hasara tupu, kwani ni lazima usubiri dawa itoke mwilini.

Mfugaji wa Kongwa
Nashukuru, Daktari. Sindano nimeziahirisha, na pumba zitaanza baada ya siku nne, kidogo kidogo. Kwa sasa ng'ombe saba wamelala chini ya mbuyu na watano kati yao wanacheua. Mmoja mwekundu bado amesimama peke yake kwenye kona, kamasi zinamtiririka. Huyo nimemtenga, na kesho alfajiri nitaanza naye kwa kipimajoto.