Kifo na "mchawi" kwenye kitabu cha darasa la pili: kipi kibaki, kipi kitoke?

Mwalo_Kibirizi:
Wakuu, naomba ushauri. Kuna mswada wa kurasa 24 kwa watoto wa darasa la pili, mazingira ni hapa Kigoma. Baba anakwenda kuvua dagaa usiku, mtumbwi unapinduka, anakufa. Yupo bibi kizee mwenye macho mekundu, watu wanadai ndiye aliyeleta upepo. Ukurasa wa 21 mchoraji kaweka maiti inaelea. Walimu waliousoma wanataka kifo kitolewe chote.

Mhariri_Vitabu:
Kifo kibaki. Kinachomdhuru mtoto wa miaka 7 au 8 ni kuzungushwa. Usiandike "baba amelala" wala "amesafiri". Umri huo neno huchukuliwa lilivyo, ataogopa usingizi au atamsubiri baba arudi. Andika: "Baba amekufa. Hatarudi." Inatosha.

Kosa kubwa ni mahali kilipowekwa. Kifo kikiwa ukurasa wa 21 kitabu kinaisha mtoto akiwa na swali moja: sasa nitakaa na nani? Kisogeze hadi ukurasa wa 10 hivi, zinazofuata zionyeshe nani anapika, nani anampeleka shule, analala kwa nani. Halafu angalia mwanzo: kama mtoto aligombana na baba kabla hajaondoka, weka sentensi ya wazi kwamba chanzo ni upepo. Watoto wa rika hili hujitwisha lawama upesi sana.

Maiti itoke. Ukurasa wa maneno husomwa ukapita, picha hurudiwa, hata na mdogo wake asiyejua kusoma. Chora mtumbwi uliopinduka mchangani na karabai iliyozimika.

Mnyamwezi_Tbr:
Naunga mkono, ila kwangu hatari kubwa ni huyo bibi. Huku Tabora, Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakafanywa ushahidi. Macho hayo mara nyingi ni ya moshi, miaka ya kupikia kuni kwenye jiko lisilopitisha hewa. Hata ukimsafisha ukurasa wa mwisho haitoshi: kipindi kikiishia katikati, darasa linaondoka na tuhuma.

Mwalo_Kibirizi:
Je, akiwa ndiye anayewaonya wavuvi?

Mnyamwezi_Tbr:
Peke yake, hapana. Akionya na ikatokea, mtoto atasema "alijua". Mvuvi mwingine naye aione dalili hiyohiyo. Kusi huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Septemba, hadithi iwe miezi hiyo na upepo ujieleze wenyewe.

Mhariri_Vitabu:
Pia mtoto asiingie mtumbwini peke yake kumtafuta baba, wala asipampu karabai, wasomaji wataiga. Wavuvi waliopona waonekane wamevaa jaketi okozi na wameshikilia mtumbwi.

Kabla ya kupeleka Taasisi ya Elimu kuomba ithibati, msomee mtoto mmojammoja, kisha uliza: "Kwa nini baba alikufa?" Hata mmoja akijibu "bibi", rudi kwenye maandishi. Akijibu "upepo" lakini hajui mtoto wa hadithi anaishi na nani, kurasa za baada ya kifo bado ni chache. Kwa mchoraji, aanze na ukurasa wa 21 na kila penye uso wa bibi.